Fundi Anayeanza Kazi Magharibi

Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa mafundi, na wengi wao hufunga kazi jua linapotua. Mchonga milango hukusanya patasi zake, mshonaji hufunika cherehani, muuza kofia hukunja kitambaa alichotandika barazani. Ninayetaka kumsifu hapa ana ratiba yake mwenyewe. Mchana kutwa amejikunyata chini ya jani la mwasumini katika ua wa nyumba, miguu yote minane ameikusanya kifuani, na rangi yake imefanana na kijiti kikavu hata jicho linampita. Magharibi ikishaadhiniwa na mwanga wa uani ukaanza kuwa wa kijivu, hunyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili, kisha akatoka kwenda kazini.

Ni buibui wa kawaida kabisa, wa jenasi ambayo wataalamu huiita Neoscona, mwenye mwili usiozidi ncha ya kidole. Jamaa zake wametapakaa Afrika nzima na nchi nyingine nyingi za joto. Hana sumu ya kumtisha mtu wala rangi ya kumvutia mpiga picha. Ana kazi yake tu. Mtu aliye tayari kuketi kwenye kigoda bila simu mkononi ataonyeshwa kazi hiyo tangu uzi wa kwanza hadi wa mwisho, kwa muda ambao aghalabu haufiki saa nzima. Mimi sina burudani ya jioni inayonituliza kuliko hiyo, na naamini utulivu wenyewe una sababu zinazoelezeka.

Uzi wa kwanza ndio mgumu. Upande huu kuna nguzo ya roshani, upande ule kuna tawi, na katikati hakuna kitu ila hewa. Buibui huyu hana mabawa wala haruki. Husimama kwenye ncha ya tawi, huinua tumbo, na kuuachia uzi mwembamba kabisa upeperuke. Wengi hudhani anausukuma utoke. Hawezi. Hariri iko ndani ya tezi zake ikiwa majimaji mazito ya protini, na hugeuka uzi kwa kuvutwa: ikivutwa, chembe zake hujipanga na majimaji yakawa kitu kigumu palepale yanapotokea mwilini. Kwa hiyo lazima awepo mvutaji. Mara nyingine mvutaji ni mguu wake wa nyuma, mara nyingine ni uzito wa mwili wake mwenyewe anapojiachia kushuka. Kwa uzi wa kwanza mvutaji ni upepo. Ule upepo wa baharini unaopenya vichochoro vya Shangani na Malindi, ukazunguka kwenye kona na kushuka hadi uani ukiwa umeshapungua nguvu, ndio unaompelekea daraja lake ng'ambo.

Anasubiri, na mtazamaji naye anasubiri. Uzi ukinasa pahali, buibui anajua mara moja kwa kuugusa. Huuvuta kidogo kuujaribu, hufunga mwisho wa upande wake, kisha huuvuka huku akitandika mwingine ulio imara zaidi. Akisharidhika na daraja, hutandika juu yake uzi mlegevu, huenda katikati ya ulegevu huo na kujiachia. Uzi unainama. Anashuka kwa kamba yake hadi aguse kitu chini, jani au ukingo wa chungu, akafunga. Sasa nyuzi tatu zimekutana mahali pamoja kwa umbo la herufi Y, na hapo zilipokutana ndipo patakapokuwa kitovu cha utando wote.

Kinachofuata ni hesabu. Kutoka kitovuni huanza kutoa miali mmoja mmoja, akipanda nao hadi ukingoni, akiufunga, akirejea. Hafuati mzunguko. Mwali mmoja akiupeleka kulia, unaofuata huupeleka kushoto, wa tatu chini, ili mvuto usizidi upande mmoja na nyuzi za ukingo zisipindike. Kila akirudi kitovuni hujizungusha akigusa miali iliyokwisha kufungwa, na akikuta pengo lililo pana kuliko inavyopasa, huko ndiko mwali mpya utakakopita. Miali ikifika ishirini hivi mapengo hayaonekani tena.

Halafu huanza kuzunguka. Kutoka kitovuni kwenda nje hutandika uzi mkavu wenye nafasi pana, na asiyeijua kazi hii atadhani huo ndio utando wenyewe. Ni ngazi ya muda tu, ya kukanyagia. Akifika ukingoni hugeuka, na hapo ndipo kazi halisi inapoanza: uzi wa kunata, kutoka nje kuja ndani, mzunguko baada ya mzunguko. Kila anapofikia kipande cha ile ngazi hukikata. Mguu wa mbele unapapasa mzunguko uliotangulia, mguu wa nyuma unavuta uzi mpya, tumbo linainama na kuubandika kwenye mwali. Papasa, vuta, bandika. Papasa, vuta, bandika. Mafundi wa nguo huziita nyuzi zinazotangulia mtande, na zile zinazopitishwa katikati yake mshindio. Kwa buibui mtande ni miali, na mshindio ni huu uzi wa kunata, unaobandikwa mamia ya mara kwa usiku mmoja, na nafasi kati ya mzunguko na mzunguko haina rula nyingine ila miguu yake.

Ni wakati wa mshindio ambapo utulivu humwingia mtazamaji. Mwanzoni kichwa bado kina mambo yake: deni la dukani, maneno ya kazini, safari ya kesho. Lakini jicho likishaushika mwendo wa mguu wa nyuma haliwezi kuuacha, kwa sababu kila hatua inaahidi hatua inayofuata na ahadi inatimizwa. Huwezi kumharakisha. Huwezi kumsaidia. Hajui kama upo, na hata angejua, kazi yake haihitaji sifa zako. Kuwa karibu na fundi wa namna hiyo ni mapumziko makubwa kuliko kulala.

Na yote hayo anayafanya bila kuona. Macho anayo, tena manane, lakini kwa kazi hii hayamfai kitu, maana ramani ya utando imo miguuni. Mwanamke wa Makunduchi aliyezoea kusuka ukili huweza kukaa kizingitini usiku, akimtazama usoni mgeni anayezungumza naye, huku vidole vikipokezana miyaa bila kukosea mstari. Ukimwuliza amehesabu vipi atacheka. Buibui yuko hivyo hivyo, ila yeye hakufundishwa na mama wala shangazi. Kitoto kilichotoka yaini wiki chache tu hujenga utando kamili, mdogo kuliko sahani, na kila kitu kimo.

Saa yake ya kazi haiamuliwi na mtu. Mwaka 1948 huko Tübingen, Ujerumani, mtaalamu wa wanyama H. M. Peters alikuwa akichunguza jinsi buibui wa bustani wanavyojenga. Wale wa kwake walipenda kujenga kabla ya mapambazuko, naye alichoka kuamka. Akamwendea mwenzake wa fani ya dawa, Peter Witt, amtafutie kitu cha kuwanywesha ili wasogeze kazi hadi saa za kawaida. Witt alijaribu dawa mbalimbali, kafeini ikiwamo. Saa haikusogea. Kilichobadilika ni utando: miali ilikwenda kombo, mizunguko ikapoteza mpangilio. Kwa miaka mingi baadaye Witt alijishughulisha na kupima tando za buibui walionyweshwa dawa, na sayansi ikafaidika, lakini Peters ilimbidi aendelee kuamka. Nalipenda sana simulizi hili. Profesa mwenye maabara na buibui mwenye tumbo la ukubwa wa punje ya mtama, na aliyelazimika kufuata saa ya mwenzake ni profesa.

Mwaka 1973 buibui walipelekwa mbali zaidi. Buibui wawili wa bustani, Arabella na Anita, waliwekwa katika kituo cha anga cha Skylab kwa wazo la msichana wa sekondari wa Marekani, Judith Miles. Huko hakuna uzito, na nimekwisha kusema kwamba uzito wa mwili ni mmoja wa wavutaji wa uzi. Arabella alianza kwa utando wa ovyo ovyo. Baada ya siku chache alikuwa amejenga wa duara, unaokubalika, ingawa unene wa nyuzi haukuwa sawa na wa duniani. Aliibadili mbinu ya kazi huku akielea mahali pasipo na juu wala chini.

Tukirudi uani, hewa ya Unguja inamfaa fundi wetu. Unyevunyevu huu unaotia kutu bawaba na kuvimbisha milango ya mbao ni neema kwake, kwa kuwa gundi iliyo kwenye uzi wa mshindio ina chumvi na viini vinavyofyonza maji kutoka hewani, na bila maji hayo gundi hukauka na kupoteza nguvu. Ukiutazama uzi huo kwa kioo cha kukuzia utaona matone yamepangika kama shanga za tasbihi. Hayakutengenezwa moja moja. Gundi hupakwa ikiwa utepe mmoja mwembamba, kisha yenyewe hujikata matone, kwa kanuni ileile inayokata mkondo wa maji unaochuruzika bombani. Buibui mwenyewe hanasi kwa sababu hukanyaga zaidi miali mikavu, na anapolazimika kugusa penye gundi hugusa kwa ncha ya kucha na vinyweleo, miguu ikiwa na mafuta yanayopunguza kunata. Kabla ya alfajiri wengi wa jamii hii huubomoa utando na kuula, protini ikarudi tumboni kuwa hariri ya kesho.

Katika nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, nyufa hazikosekani, na yupo buibui mwingine anayezipenda. Jina lake la kitaalamu ni Nephilingis cruentata, ameenea Afrika ya kitropiki na hupendelea majengo ya watu kuliko msitu. Jike ni mkubwa, mweusi wa kahawia, na chini ya kifua ana doa jekundu la damu lililompatia jina hilo la Kilatini. Mchana hujificha katika mrija wa hariri alioubana kwenye pembe ya ukuta chini ya roshani, usiku hushuka kukaa kitovuni. Utando wake unaonekana kana kwamba umekosewa: kitovu kiko juu kabisa, karibu na mrija, na sehemu kubwa ya mshindio imening'inia chini. Haukukosewa. Buibui mzito hukimbia upesi zaidi akishuka kuliko akipanda, kwa hiyo eneo la kuwindia limewekwa kule anakoweza kuwahi.

Mwishoni mwa Shaabani, nyumba zinapoandaliwa kwa ajili ya mfungo, fagio refu hupanda hadi darini na yeye huondoka pamoja na vumbi. Sebuleni sina neno. Tandabui zilizojaa vumbi ni nyumba zilizohamwa, na kuzifagia hakumdhuru yeyote. Lakini chini ya roshani, kwenye pembe za nje ambako mgeni hatazami, namwombea aachwe. Analipa kodi kwa mbu na mende.

Sisi tuliosoma chuoni tulisimuliwa mapema habari za pango la Thaur: Mtume na Abubakari wamo ndani, maadui wako mlangoni, na utando wa buibui umewafanya waamini kwamba hakuna aliyeingia. Ndiyo maana wazee wengi hawapendi kumwona mtoto akimwua buibui. Kurani nayo ina sura yenye jina lake, ya 29, na humo udhaifu wa nyumba yake umetajwa waziwazi. Bi mkubwa mmoja wa mtaani, nilipokuwa nimesimama chini ya roshani nimeinua shingo, alipita na kikapu chake akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini huko juu, mwanangu?"

"Namtazama buibui anavyosuka."

"Mtazame, ila usimvunjie. Hiyo ni nyumba ya mtu."

Akaenda zake sokoni.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wengi wanaofuga buibui wakubwa wenye manyoya, kila mmoja katika kisanduku chake cha kioo, na mmoja wa wanaopendwa sana asili yake ni kwetu. Ni Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo na Reginald Pocock wa Uingereza mwaka 1897. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki na kusini, na wale wa rangi ya chungwa iliyokolea wamebeba jina la milima yetu ya Usambara hadi kwenye vyumba vya watu wasioweza kuionyesha milima hiyo kwenye ramani. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Si mnyama wa kushikwa mkononi, maana ni mwepesi wa hasira na akiuma maumivu yake ni makali. Anatazamwa tu. Wafugaji wake huketi mbele ya kioo usiku na kumwona akitandaza hariri nyeupe juu ya udongo, juu ya gome, juu ya kila kitu, mpaka kisanduku kizima kimekuwa vyumba na vijia. Kwa siku nyingi hafanyi lolote. Halafu usiku mmoja hulala chali, miguu juu, na mfugaji mgeni hudhani amekufa, kumbe anajivua ngozi, na baada ya saa kadhaa atachomoa miguu minane kutoka katika miguu minane ya zamani bila kuvunja hata mmoja.

Ninawaelewa kabisa watu hao. Wamegundua kwamba mnyama asiyekuja akiitwa anaweza kumpumzisha mtu kuliko yule anayedai kubembelezwa. Hata hivyo naona sisi wa visiwani tumepewa zaidi. Buibui msukaji hahitaji kisanduku. Akishapata pembe yenye upepo na wadudu hakai kwa sababu amefungwa. Anakaa kwa sababu pamemfaa, na utamkuta palepale usiku baada ya usiku. Huna haja ya kumlisha wala kumsafishia. Gharama yake ni kutomfagia.

Wa kuvutia kuliko wote hana haja hata ya kusubiriwa usiku. Ukitoka mjini kuelekea kusini-mashariki, kiasi cha kilomita 35, unafika Jozani, msitu ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Wageni huja kwa ajili ya kima punju, na wana haki. Lakini wakiwa wameinua kamera kuelekea matawini, wengi hupita chini ya utando wenye upana wa zaidi ya hatua moja, uliotandazwa kati ya mti na mti, na uzi wake ni wa manjano. Jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu, ni dhahabu. Jike aliyekaa katikati, kichwa chini, ana mwili unaofika sentimita 3 na zaidi, na miguu akiinyoosha hujaza kiganja cha mtu mzima. Zamani jamaa hawa wote waliitwa Nephila. Mwaka 2019 wengi wao, wakiwemo wengi wa Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, walihamishiwa jenasi ya Trichonephila.

Huyu ana mtindo wake. Haubomoi utando kila usiku, bali huukarabati nusu nusu, upande mmoja leo, mwingine siku nyingine. Na ile ngazi ya muda, ambayo fundi wa uani huikata akirudi, yeye huiacha. Ndiyo maana mshindio wake una vyumba vyembamba vilivyopangika katika mafungu, na jicho lililokwisha kujifunza kwa yule mdogo litaitambua ngazi mara moja, bado imesimama kati ya mizunguko. Pembeni, kwenye nyuzi za nje, huonekana vibuibui vidogo vya rangi ya fedha. Si wanawe. Ni wezi wa jenasi ya Argyrodes, wanaoishi kwenye utando wa mwenye nyumba na kula wadudu wadogo ambao yeye hajishughulishi nao. Na dume wake, ambaye mtu huweza kutazama kwa nusu saa asimwone, ni kijidude cha milimita chache kinachosubiri juu ya mgongo wa utando, kikipima kila hatua.

Hariri hiyo ya dhahabu imewahi kuvaliwa. Ng'ambo ya bahari yetu, Madagaska, mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari Mfaransa Jacob Paul Camboué alitafuta njia ya kuvuta uzi kutoka kwa buibui walio hai. Kifaa kilitengenezwa cha kuwashika buibui 24 kwa pamoja bila kuwaumiza na kuuzungusha uzi wao kwa mkono, na mapazia ya kitanda yaliyofumwa kwa hariri hiyo yalionyeshwa Paris kwenye maonesho ya mwaka 1900. Zaidi ya karne moja baadaye Simon Peers, Mwingereza, na Nicholas Godley, Mmarekani, waliifufua kazi hiyo hapohapo Madagaska. Kila asubuhi watu walitoka na fito kuwakusanya majike kutoka kwenye nguzo za simu na bustani, wakavutwa uzi, wakaachiwa. Ilichukua miaka minne hivi na buibui zaidi ya milioni moja kupata nguo moja, iliyoonyeshwa New York mwaka 2009. Joho lililofuata lilionyeshwa London mwaka 2012, katika jumba la Victoria and Albert, la manjano ang'avu, na halikutiwa rangi yoyote. Hivyo ndivyo hariri yenyewe ilivyo.

Nikifikiria nguo hizo nawaheshimu waliozifuma, kwani uvumilivu wao hauna mfano. Lakini zimetengenezwa kwa aina moja tu ya uzi, ule mkavu anaotembea nao buibui siku zote kama kamba ya usalama. Kwenye utando mmoja wa Jozani zimo aina kadhaa, kila moja kutoka tezi yake: uzi wa ukingo na miali, uzi unaovutika wa mshindio, gundi ya juu yake, vifundo vinavyounganisha uzi na uzi, na shuka anayomfungia windo. Fundi mmoja, mwili mmoja, ghala zote.

Wazungu walianza kuwaweka buibui wetu chupani mapema. Wale waliokusanywa katika safari za Baron Carl Claus von der Decken, aliyeifanya Zanzibar kituo chake kabla ya kuuawa huko Bardera, Somalia, mwaka 1865, walielezwa katika kitabu cha mtaalamu Gerstaecker cha mwaka 1873. Kitabu hicho kilikuwa na faida yake, majina mengine bado yanatumika. Ila buibui wa chupani anaonyesha umbo tu. Hata miguu amekunja, kwa sababu kwenye baadhi ya viungo hana msuli wa kuunyoosha mguu, hunyoosha kwa kusukuma damu, na damu ikikoma kusukumwa miguu hujikunja. Ufundi wake haukuingia kwenye chupa.

Wapo pia wasiosuka utando, na wana mashabiki wao. Kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, watafiti wamemfuatilia kwa miaka buibui mrukaji anayeitwa Evarcha culicivora, ambaye kati ya wadudu wote humchagua mbu aliyeshiba damu. Ni hodari, na ana macho mazuri kuliko wadudu karibu wote. Mimi nabaki na wasukaji.

Mwenye kutaka kuanza achague jioni isiyo na mvua. Masika hubomoa kazi nyingi kabla hazijakamilika. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, juu ya paa hapafai, uani panafaa. Tochi iwe hafifu, imulike kutoka pembeni na siyo usoni pa buibui, kwa sababu uzi huonekana ukimulikwa kwa ubavu na hupotea ukimulikwa kwa mbele. Usipumue karibu nao. Pumzi ya mtu humfikia kama tetemeko, naye ataacha kazi na kukimbilia jani lake. Ukimkuta amekwisha kufunga miali na ameanza mshindio, usione umechelewa. Chagua mguu mmoja wa nyuma, wa jozi ya nne, uufuate huo tu: unavyoushika uzi kwenye ncha ya tumbo, unavyouvuta, unavyouachia pale tumbo linapogusa mwali. Ukisha kuuzoea, hamia mguu wa kwanza, ule unaopapasa mzunguko wa nje kabla ya kila kifundo. Inachukua mizunguko mitatu au minne mpaka macho yaweze kuifuata yote miwili kwa pamoja.